Dagaa wanauzika, mwenyewe nimekwisha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa 8 usiku, nimekaa jikoni kwangu Pasiansi. Usingizi umenikataa, na hata ukija sasa utanichelewesha, kwa sababu saa 10 natakiwa niwe macho.

Mimi nauza dagaa. Nilianza mwaka 2013 pembeni mwa soko la Mwaloni, Kirumba, napima kwa sadolini, lile kopo la rangi, huku mtoto yuko mgongoni. Leo nina stoo ya kupanga, mzani mkubwa, wafanyakazi sita wa kila siku, na akina mama wananianikia kule Igombe. Mzigo mwingine unakuja kwa boti kutoka visiwa vya Ukerewe. Wateja wangu wako Dodoma, Dar es Salaam, na mmoja anavusha hadi Kongo. Halafu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko, wananifikia kabla sijanywa chai. Watu wananiita bosi. Nikiitwa hivyo natamani kulia.

Siku yangu iko hivi. Saa 11 alfajiri boti la mzigo likitia nanga, simu inaita. Naenda mwenyewe. Kila gunia lazima nitie mkono hadi katikati, nitoe dagaa, nimvunje, nimnuse. Nikimaliza, binti wa stoo ananiuliza bei ya leo. Wabebaji wananingoja mimi ndio niwalipe. Dereva wa lori anataka kujua anapakia nini kwanza. Mteja wa Dar es Salaam anataka mali kauli, achukue mzigo sasa alipe baadaye, na mimi ndiye ninayejua kama alimaliza deni la mwezi uliopita, maana madeni yote yako kichwani. Mchana nakimbia Igombe kuangalia kama wamegeuza dagaa. Mvua ikianza kunyesha nikiwa mjini, napiga simu kama mwendawazimu: "Mmefunika? Mmefunika?" Usiku nyumbani nahesabu pesa kitandani, na simu bado inaita mpaka saa 5.

Mwezi Machi niliugua malaria. Siku nne sikuamka. Nilizima simu kwa sababu kichwa kilikuwa kinapasuka. Niliporudi nilikuta wamempelekea mteja wa Dodoma dagaa wenye unyevu, wakaota ukungu njiani, ikabidi wauzwe kwa bei ya chakula cha kuku. Magunia mawili hakuna aliyejua yalikoenda. Mteja mwingine alikuwa ametuma pesa kwa namba ambayo si yetu. Nilimgombeza kila mtu. Tangu siku hiyo sijamwachia mtu hata ufunguo.

Shangazi, kinachonitisha si kazi. Kazi nimezaliwa nayo. Kinachonitisha ni kwamba nimekuwa mtu nisiyemjua. Zamani nikisikia harufu ya dagaa wapya moyo ulichangamka, sasa tumbo linakaza. Juzi mteja wa Geita, mama mtu mzima aliyeniunga mkono tangu nikiwa na sadolini moja, aliniomba nimpunguzie kidogo. Nikamwambia kama anaona ghali aende kwingine. Nilipokata simu nikakaa juu ya magunia nikalia. Nafanya hesabu ileile mara tatu na kila mara napata jibu tofauti. Siku nyingine natembea ukingoni mwa maji natamani simu idondoke ziwani, na isipatikane.

Mume wangu ni fundi umeme, mtu mpole. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama Fulani, sisi tunaishi na mgeni." Mama yangu yuko Nansio, saa chache tu kwa meli, na sijamwona miezi 14.

Rafiki yangu ananishauri nichukue mkopo mwingine niajiri meneja. Nina mkopo tayari, wa marejesho ya kila wiki. Mimi nafikiria kinyume, nifunge stoo, niuze mzani, nirudi kwenye sadolini yangu moja nilale usingizi. Nishauri kama mtoto wako.

Muuza dagaa, Ilemela

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikahesabu ni mara ngapi umesema "mimi ndiye" na "mwenyewe". Rudi uisome nawe, na uhesabu. Nitakuambia baadaye kwa nini.

Kwanza mwili. Kabla hatujagusa biashara, nenda kituo cha afya wiki hii wapime presha, sukari na wingi wa damu, na uwaambie kuwa uliugua malaria Machi na nguvu hazijarudi. Usilale miezi na miezi ukidhani ni kazi tu, kumbe damu imepungua. Mweleze daktari pia habari ya usingizi na ya kulia. Na ikiwa pale ukingoni mwa maji kuna siku unatamani udondoke wewe, si simu, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mume wako usiku huohuo, na asubuhi akupeleke.

Hayo mengine uliyoyaeleza yana jina: kwa Kiingereza huitwa burnout, yaani kuungua mpaka kwisha. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure mjini New York. Walianza kazi kwa moyo mkubwa na baada ya muda wakawa kama nyumba iliyoungua ndani, kuta bado zimesimama. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka hali hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, ingawa linasema si ugonjwa. Ni matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakifai tena. Harufu inayokukaza tumbo, mama wa Geita uliyemjibu vibaya, hesabu inayokupa majibu matatu. Zote tatu unazo. Wewe si mtu mbaya, na hujawa mvivu. Umechoka kwa namna ambayo kulala Jumapili moja hakuwezi kuitibu, maana Jumatatu kila kitu kitakukuta palepale.

Sasa swali lako. Usifunge, na usiajiri meneja. Nakueleza sababu.

Meneja akija kesho atashika nini? Bei iko kichwani mwako. Madeni yako kichwani mwako. Ukavu wa dagaa uko kwenye vidole vyako. Ndiyo maana nilikuambia uhesabu zile "mimi ndiye". Naye atachukua simu akupigie, kama wengine sita, tofauti ni kwamba huyu utamlipa zaidi, kwa pesa ya mkopo. Na ukirudi kwenye sadolini moja, utapumzika miezi mitatu, kisha wateja watakufuata kwa sababu mkono wako ni mzuri, na utajikuta hapa hapa. Biashara yako ilikua, utaratibu wake ukabaki ule wa mwaka 2013, wa mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Wakati ule kuweka kila kitu kichwani kulikuwa sawa kabisa. Sadolini moja inaenea kichwani.

Najua ninachosema. Nilikuwa mama lishe pale kwenye kivuko cha Kamanga, nilianza na sufuria moja, nikafika wasichana watano na wateja wa asubuhi mpaka usiku. Mama yangu akalazwa, nikakaa naye wodini wiki tatu. Mgahawa ulifungwa siku ya pili. Wale wasichana hawakuwa wavivu wala wezi. Hawakujua mchele kilo ngapi kwa watu wangapi, hawakujua nani anakula kwa daftari na nani halipi, hawakujua muuza samaki analipwa siku gani. Sikuwahi kuwaambia, nilikuwa naona fahari kwamba mimi ndiye ninayejua. Niliporudi wateja walikuwa wamezoea kwa jirani. Ndipo nikanunua ubao na chaki nikaandika: sahani 40, mchele kilo 6, mafuta kiasi hiki, chumvi kiasi hiki. Nilipomaliza kuandika ule ubao nilikaa chini nikajiuliza miaka yote ile nilikuwa naogopa nini.

Hebu tazama hao unaonunua kwao. Tajiri wa mtumbwi wa dagaa haendi ziwani kila usiku. Wengi wanalala nyumbani kwao. Mtumbwi unatoka jioni, taa zinawashwa, wavu unashushwa, alfajiri mzigo unafika. Inawezekanaje? Kila aliyemo anajua kazi yake, anayeshika taa si anayevuta wavu. Mgawo umekubaliwa kabla ya kutoka. Na wakifika mwaloni, mzigo unahesabiwa kwa ndoo au beseni mbele ya watu wote, si kesho, palepale. Hakuna anayeona kuhesabiwa ni kutukanwa. Wewe umekaa na watu hawa miaka yote, unanunua dagaa wao, na hujanunua utaratibu wao.

Anza na daftari. Lile kubwa la kaunta buku, si karatasi za kupotea. Kwa siku saba usibadilishe chochote, fanya kazi ulivyozoea, lakini kila mtu anapokuuliza kitu au kukupigia simu, andika: nani, ameuliza nini, saa ngapi. Hilo tu. Siku ya nane kaa ulisome. Utaona maswali si mia mbili kama unavyohisi. Ni machache yanayojirudia. Bei. Ukavu. Nani akopeshwe. Wabebaji walipwe ngapi. Lori lipakie nini. Kila swali linalojirudia linahitaji jibu lililoandikwa mahali, ili wewe usiulizwe tena. Hiyo ndiyo kazi nzima, mwanangu. Wataalamu wanaiita mifumo ya biashara, na jina hilo huwatisha watu wakadhani ni kompyuta.

Mengine ni mepesi na utayamaliza wiki moja. Bei iandike ubaoni kila asubuhi, na chini yake bei ya mwisho ambayo binti wa stoo ameruhusiwa kushuka bila kukupigia. Malipo ya wabebaji yawe kwa gunia, kiwango kimoja kinachojulikana, na pesa zao zikae kwenye kikopo chake na daftari lake. Foleni ya lori iandikwe jioni ya jana. Lipa namba iwe moja, ibandikwe ukutani na kila mteja atumiwe kwa maandishi kwamba hakuna nyingine. Na mzigo usitoke mpaka ujumbe uingie kwenye simu ya biashara. Picha ya ujumbe kutoka kwenye simu ya mteja si pesa.

Ukavu ndio mgumu, na hapo nataka tukae.

Unaamini hakuna anayeweza kukagua gunia kama wewe. Ni kweli, leo hakuna. Lakini wewe ulijua lini? Hukuzaliwa unajua. Kuna aliyekuonyesha, au kuna magunia yaliyokuozea mkononi ukajifunza kwa hasara. Sasa chukua chupa mbili pana zenye mifuniko. Moja ijaze dagaa unaowakubali: wakavu, wanaong'aa fedha, wanaovunjika kwa mlio, wasio na mchanga. Nyingine ijaze wale unaowakataa: wanaopinda bila kuvunjika, waliobadilika rangi, wenye harufu ya uvundo. Ziweke juu ya meza ya mzani, na uzibadilishe kila wiki, maana dagaa hunyonya unyevu. Kisha kaa na binti wa stoo. Usimwambie "angalia kama wamekauka". Mwambie unafanya nini: mkono unaingia mpaka wapi, unatoa kutoka sehemu ngapi za gunia, ukimvunja unasikiliza nini, ukimnusa unatafuta nini. Yeye aandike kwa maneno yake mwenyewe. Utashangaa jinsi ilivyo vigumu kusema kile ambacho vidole vinajua. Utatafuta maneno na utakasirika. Vumilia, hapo ndipo biashara yako inapotoka kichwani kwako.

Halafu wiki mbili akague yeye kwanza, aweke alama ya chaki kwenye kila gunia, nawe ukague nyuma yake. Mkitofautiana, mfungue gunia pamoja, usimgombeze. Makosa yakipungua, kagua nyuma yake magunia matatu kati ya kumi, baadaye moja. Atakosea. Gunia moja litapita lisilofaa, na utaumia. Hesabu hasara ya gunia hilo, kisha hesabu hasara ya siku zako nne za malaria. Linganisha.

Kule Igombe, kama bado mnaanika mchangani, fikiria chanja, zile meza za kuanikia zilizoinuliwa. Dagaa wa kwenye chanja hupigwa hewa juu na chini, hawana mchanga, na mvua ikija ni rahisi kuwafunika kwa turubai. Chagua mama mmoja kati ya waanikaji awe ndiye mwenye turubai, yeye anayetazama mawingu, naye aongezewe kidogo kwa jukumu hilo. Wingu likitokea anafunika, hakungoji wewe. Wewe uliye Kirumba unajuaje mawingu ya Igombe kuliko aliyesimama chini yake?

Sasa niseme juu ya magunia mawili ya Machi, maana nadhani ndiyo yaliyokufunga zaidi ya malaria. Uligombeza kila mtu. Hiyo maana yake uliwashuku watu sita, na pengine watano hawakuwa na kosa lolote, na pengine wote sita. Huenda yaliuzwa bila kuandikwa. Huenda hayakufika kabisa. Hutajua kamwe, kwa sababu hapakuwa na hesabu ya kuanzia. Usipohesabu, mwaminifu na mwizi wanafanana machoni pako, na anayeumia ni mwaminifu. Kwa hiyo magunia yahesabiwe asubuhi kabla ya kuuza na jioni kabla ya kufunga, na watu wawili, wote watie sahihi, na watu hao wabadilishane. Hesabu ikipishana iulizwe jioni ileile, kumbukumbu zikiwa bado ziko moto. Uwakalishe uwaeleze hivi hivi: daftari hili linakulinda wewe. Na uwaombe radhi kwa yale ya Machi. Najua bosi kuomba radhi si desturi sokoni. Omba.

Mali kauli nayo isiishi kichwani. Ukurasa mmoja kwa kila mteja: amechukua nini lini, amelipa ngapi, na juu kabisa kiwango cha mwisho anachoweza kukopa. La zamani halijalipwa, jipya halitoki. Hilo likiwa limeandikwa, binti wa stoo ana nguvu ya kusema "samahani baba, daftari halijaruhusu", wala si wewe uliyemkatalia mtu. Nimeona biashara nyingi za hapa Mwanza zikianguka huku stoo imejaa na wateja wamejaa, pesa yote iko kwa watu. Mteja wa Kongo mwangalie zaidi, maana akichelewa huwezi kumfuata.

Juu ya mkopo nitasema kwa ufupi: usiongeze. Mkopo wa marejesho ya kila wiki, hii ambayo watu wameibatiza kausha damu, ndio unaokuamsha saa 8 usiku kuliko dagaa. Maliza huo kwanza. Na kila mwezi jilipe mshahara, kiasi kimoja kilichoandikwa, acha kuchukua kwenye droo ukihitaji. Hapo ndipo utajua kama biashara inakulisha au wewe ndiye unayeilisha.

Hukuniambia binti wa stoo amekaa nawe muda gani, lakini ukiniuliza, meneja wako ni yeye. Anawajua wateja kwa sauti zao. Ananusa dagaa kila siku. Ongeza mshahara wake kwa sehemu ya ile pesa uliyotaka kumpa mgeni, mpe simu ya biashara iwe mkononi mwake, na watangazie wateja kwamba kuanzia tarehe fulani oda zote ni kwa namba hiyo, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Watalalamika wiki moja. Mama wa Geita hatalalamika kama utampigia wewe mwenyewe kwanza. Mpigie leo, kabla hata hujanunua daftari. Mwambie ulichoka na ulimkosea. Mtu mzima ataelewa.

Mume wako ametumia neno "mgeni", na hakulitumia kwa hasira. Muonyeshe barua hii. Yeye ni fundi, anajua nyumba yenye waya wote umeunganishwa kwenye swichi moja inakuwaje. Hesabu ya pesa kitandani iishe. Ifanyike stoo, jioni, mlango umefungwa, wawili wakiwa mezani. Chumbani msiingie na kitabu cha dagaa.

Na hapa ndipo nataka ulisikilize ziwa lenyewe. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa sababu taa zao zinavuta dagaa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine. Mwezi mpevu ukiwaka, taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, watu wanarudi kwa wake zao. Kila mwezi, bila kukosa, siku kadhaa. Ziwa limekuwekea likizo tangu siku ya kwanza ya biashara yako, na wewe siku hizo umekuwa ukizitumia kufukuzia madeni. Kuanzia sasa, mbalamwezi ya kila mwezi igawe: siku ya kwanza ni ya kuhesabu stoo yote na kufunga daftari la mwezi, ya pili ni ya kukaa na wafanyakazi wote sita kuulizana nini kilikwama na kipi kiandikwe upya. Zinazobaki ni zako.

Una muda wa kutosha kabla ya mbalamwezi ijayo kumaliza daftari la maswali na kujaza zile chupa mbili. Haitakuwa imekamilika. Binti wa stoo atakuwa bado anakosea gunia moja moja, na mtu mmoja atakuwa bado anakupigia kuuliza bei iliyoandikwa ubaoni mbele yake. Nenda hivyo hivyo. Chagua gunia lililo bora kabisa, jaza sadolini yako ile ya zamani, ifunge vizuri, panda meli ya Nansio ukamwone mama. Simu ya biashara iache Kirumba. Ukirudi, kabla hujamuuliza mtu chochote, fungua daftari usome siku zako zilivyokwenda bila wewe, kisha uniandikie ulichokikuta.

Shangazi yako